Kuanza kunyonyesha mapema kwa ajili ya afya ya mtoto ya miaka ijayo: mwongozo wa hatua kwa hatua

Maswali ninayoulizwa na mama wapya hayabadiliki, na mengi huja siku ya pili au ya tatu baada ya kujifungua, mama akiwa amechoka na mtoto analia. "Maziwa hayajatoka, nimpe nini wakati nasubiri?" "Amenyonya sasa hivi na baada ya nusu saa anataka tena, ina maana hashibi?" "Haya ya njano niyamwage?" Wajawazito nao wana lao: "Ni kweli kwamba kunyonyesha kutamsaidia mwanangu hata akishakuwa mtu mzima?"

Hili la mwisho nalijibu kwanza: ndiyo, kwa kiasi, na faida huongezeka kadiri miezi ya kunyonyesha inavyoongezeka. Ndiyo maana mwongozo huu unakaa sana kwenye siku saba za mwanzo. Nimeona akina mama wengi wakiacha kunyonyesha mapema huku maziwa wanayo. Chuchu zimechanika, au ndugu amesema mtoto hashibi, chupa ikaingia, na baada ya wiki mbili titi likakauka. Hayo yanazuilika ukiyajua kabla.

KINACHOJULIKANA, KWA UFUPI

Maziwa ya kwanza, yaani dang'a, ni machache, mazito, na mara nyingi yana rangi ya njano. Yamejaa kinga za mwili, hasa ile iitwayo IgA, ambayo hutanda kwenye ukuta wa utumbo wa mtoto na kuzuia vijidudu visipenye. Maziwa ya mama pia yana sukari za pekee ambazo mtoto mwenyewe hawezi kuzimeng'enya. Hizo ni chakula cha bakteria wema wa utumboni, na bakteria hao ndio wanaoufundisha mfumo wake wa kinga kutofautisha rafiki na adui.

Kuhusu kuanza mapema, utafiti uliofanyika Ghana na kuchapishwa mwaka 2006, uliofuatilia karibu watoto 11,000, ulikadiria kwamba asilimia 22 ya vifo vya watoto wachanga vingeweza kuepukwa kama wote wangenyonyeshwa ndani ya saa moja ya kwanza.

Kuhusu miaka ya mbele, mfano ninaoupenda ni wa mji wa Pelotas, Brazil. Watoto waliozaliwa huko mwaka 1982 walifuatiliwa mpaka wakafika miaka 30. Walionyonya miezi 12 au zaidi walipata alama za juu zaidi kwenye vipimo vya akili kuliko walionyonya chini ya mwezi mmoja, na walikuwa wamesoma miaka mingi zaidi. Belarus nako, watoto zaidi ya 17,000 waliozaliwa mwaka 1996 na 1997 walifuatiliwa. Hospitali ziligawanywa kwa bahati nasibu: baadhi ziliwasaidia mama kunyonyesha vizuri na kwa muda mrefu, nyingine ziliendelea na utaratibu wake wa kawaida. Kundi lililosaidiwa lilipata maambukizi machache ya tumbo katika mwaka wa kwanza, na walipofika miaka sita na nusu watoto hao walifanya vizuri zaidi kwenye vipimo vya akili. Lakini katika unene, shinikizo la damu na pumu, hapakuonekana tofauti.

Kwa hiyo mtu akikuambia maziwa ya mama ni kinga kamili dhidi ya unene au kisukari, amezidisha. Tafiti nyingi zinaonyesha walionyonya wana uwezekano mdogo zaidi wa kupata hayo, ila hali ya familia nayo ina mchango wake na si rahisi kuvitenganisha. Penye ushahidi mzito ni kwenye kuhara, nimonia, maambukizi ya masikio, vifo vya ghafla vya watoto wachanga, na mpangilio wa meno. Mama naye anafaidika: uchambuzi wa mwaka 2002 uliokusanya tafiti 47 kutoka nchi 30 ulionyesha kila miezi 12 ya kunyonyesha hupunguza hatari ya saratani ya matiti kwa takriban asilimia 4.3.

Nadharia inatosha. Tuanze kazi.

ANDAA HIVI KABLA YA KUJIFUNGUA

- Mtu mmoja wa kukusimamia: mume, dada, mama yako, yeyote unayemwamini. Kazi yake ni kukuletea maji na chakula, kupunguza wageni, na kumjibu kwa upole kila anayekuja na pendekezo la chupa. Mpe asome mwongozo huu.
- Mazungumzo na mkunga wako. Mwambie unataka mtoto awekwe kifuani ngozi kwa ngozi, na asipewe chochote bila wewe kuelezwa sababu.
- Taarifa zako za afya: dawa unazotumia, upasuaji wowote wa matiti, matatizo ya tezi la shingo, hali ya VVU.
- Nguo inayofunguka mbele, kikombe kidogo na kijiko cha chai, vyote safi.
- Daftari la kuandika minyonyo na nepi.

Chupa, chuchu bandia na pampu ya bei kubwa viache kwanza. Wiki ya kwanza kwa kawaida havihitajiki, na chupa iliyo karibu saa nane za usiku ni kishawishi kikubwa.

HATUA

1. Mweke kifuani mara tu anapozaliwa

Mtoto akaushwe na alazwe kifuani pako akiwa uchi, ngozi yake ikigusa yako, nyote mfunikwe kwa kitambaa kikavu. Mgusano huo husaidia joto lake, mapigo ya moyo, pumzi na sukari ya damu vitulie. Kupima uzito na kumvisha kunaweza kusubiri mpaka anyonye.

Ukijifungua kwa upasuaji kwa ganzi ya mgongoni, uliza kama anaweza kuwekwa kifuani ukiwa bado chumba cha upasuaji. Kama ulilazwa usingizi kabisa, baba anaweza kumpakata ngozi kwa ngozi mpaka utakapozinduka.

Tahadhari: pua na mdomo vionekane muda wote, shingo isijikunje. Kama umechoka sana au umepewa dawa za kutuliza maumivu, lazima mtu mwingine awe macho kando yenu.

2. Titi ndani ya saa ya kwanza

Mtoto mzima huwa macho sana katika saa ya kwanza hadi ya pili, kisha huzama kwenye usingizi mrefu. Ndiyo maana saa hiyo ina thamani. Ataanza kulamba midomo, kupeleka mkono kinywani, kujivuta na kutafuta. Mwache. Usimsukume kichwa, atakinza na kulia.

Asipofanikiwa, kamua kwa mkono. Nawa, weka kidole gumba juu na vidole vingine chini ya titi, sentimita mbili au tatu nyuma ya chuchu. Sukuma kuelekea kifuani, bana, achia. Rudia kwa utulivu. Matone yakitokea yakinge kwa kijiko na umlambishe.

Matone hayo yanatosha. Mnyonyo mmoja wa siku ya kwanza ni kama kijiko kimoja cha chai, na wakati mwingine hata chini ya hapo. Mama anayesema "hayajatoka" kwa kawaida anasubiri maziwa meupe mengi, ambayo huja kati ya siku ya pili na ya nne. Dang'a limekuwapo tangu ujauzito.

3. Mshikishe titi sawasawa

Ukisoma hatua moja tu, soma hii. Karibu kila tatizo ninaloletewa chanzo chake ni hapa.

Kwanza kaa vizuri. Egemea, mabega yashuke, mgongo upate kitu cha kutegemea. Mlete mtoto kwenye titi. Ukiinama kumfuata, utaumwa mgongo na yeye atabaki ananing'inia kwenye ncha ya chuchu.

Mgeuze mwili mzima akuelekee, tumbo lake kwenye tumbo lako. Sikio, bega na nyonga vikae mstari mmoja. Jaribu wewe mwenyewe kumeza maji ukiwa umegeuza shingo begani, utaelewa kwa nini.

Pua yake iwe mkabala na chuchu. Gusisha chuchu kwenye mdomo wake wa juu kisha subiri. Atapanua kinywa kidogo, subiri. Atapanua kama anayepiga miayo. Hapo mlete haraka kifuani, kidevu kikitangulia.

Sasa kagua. Kidevu kimezama kwenye titi. Mdomo wa chini umebinuka nje. Mashavu yamejaa, hayajabonyea. Sehemu nyeusi inayozunguka chuchu inaonekana zaidi juu ya mdomo kuliko chini. Mwanzo ananyonya haraka haraka, kisha taratibu kwa mivuto mirefu, na maziwa yakishajaa utasikia anameza.

Mvuto mkali wa sekunde chache za mwanzo katika siku za awali ni jambo la kawaida. Ukizidi nusu dakika bado unaumia, mtoe na uanze upya. Usimvute: ingiza kidole kisafi pembeni mwa kinywa chake mpaka aachie. Chuchu ikitoka imebapa upande mmoja au ina mstari mweupe, hakushika vizuri hata kama amenyonya nusu saa. Jaribu mara tatu, mara nne, mara sita kama italazimu. Subira hii ya siku mbili itakuokoa na vidonda vya wiki nzima.

4. Nyonyesha anapotaka, usiangalie saa

Tarajia minyonyo 8 hadi 12 katika saa 24, usiku ukiwamo. Homoni ya prolaktini, inayotengeneza maziwa, hupanda zaidi usiku, kwa hiyo minyonyo ya usiku ndiyo inayolisha ya mchana. Kilio ni dalili ya mwisho ya njaa. Mpe titi anapoanza kuhangaika.

Mwache amalize titi la kwanza kabla ya kumpa la pili. Asipoamka mwenyewe baada ya saa tatu hivi, mwamshe, mpaka arudie uzito wa kuzaliwa.

Kosa la kawaida: kupitisha mnyonyo mmoja kwa chupa ili maziwa "yajikusanye". Titi halifanyi kazi kama tangi. Likikaa limejaa, mwili husoma kwamba maziwa hayatakiwi na hupunguza.

5. Maziwa yako pekee kwa miezi sita

WHO na UNICEF wanashauri hivyo: hakuna maji, chai, glukosi, uji wala asali. Asali ni hatari hasa, kwa sababu inaweza kubeba vijidudu vya sumu ya botulizimu, na mtoto hatakiwi kuila kabla ya mwaka mmoja. Hata kwenye joto kali maziwa yako yana maji ya kumtosha. Dawa, vitamini za matone na chumvichumvi za kurudishia maji mwilini hupewa kama mhudumu wa afya ameelekeza.

Wapo watoto wanaohitaji nyongeza kwa sababu za kitabibu, kwa mfano sukari ya damu ikishuka. Ikitokea, kubali. Ombeni itolewe kwa kikombe au kijiko, ya kwanza iwe maziwa yako uliyokamua, na uendelee kukamua kila mtoto anapolishwa.

6. Hesabu nepi

Huwezi kuona anameza kiasi gani, ila kinachotoka unakiona. Siku ya kwanza tarajia angalau nepi moja ya mkojo, ya pili mbili, ya tatu tatu. Kuanzia siku ya tano au sita ziwe sita au zaidi kwa siku, mkojo ukiwa mweupe au wa njano hafifu. Choo huanza cheusi na kunata, hugeuka kijani, na kufikia siku ya tano kiwe cha njano na laini.

Kupungua uzito siku za kwanza ni kawaida. Kupungua kunakozidi asilimia 10 kunahitaji uchunguzi, na kufikia siku ya 10 hadi 14 awe ameshaurudia uzito wa kuzaliwa.

Usisubiri asubuhi: mtoto mlegevu asiyeamka kunyonya, asiyekojoa kwa saa nyingi, mwenye homa au baridi isiyo ya kawaida, anayepumua kwa shida, au anayezidi kuwa wa njano machoni na mwilini. Mpeleke hospitali.

7. Siku ya kujaa

Kati ya siku ya pili na ya tano matiti yanaweza kuwa mazito na ya moto. Nyonyesha mara nyingi. Sehemu nyeusi ikiwa ngumu mpaka mtoto hawezi kushika, kamua kidogo tu ilainike. Baada ya kunyonyesha weka kitambaa cha baridi. Usikande kwa nguvu, maana unaumiza tishu na kuongeza uvimbe.

8. Ukilazimika kuwa mbali naye

Kamua kila saa tatu hivi. Maziwa hukaa saa 4 kwenye joto la kawaida la chumba, siku 4 kwenye friji, na miezi 6 kwenye friza bila kupoteza ubora wake mwingi. Pasha kwa kuweka chombo ndani ya maji ya vuguvugu, kamwe si jikoni moja kwa moja wala kwenye maikrowevu. Yaliyoyeyuka hayarudishwi kugandishwa.

9. Baada ya miezi sita

Anza vyakula laini vyenye madini ya chuma, na titi liendelee mpaka miaka miwili au zaidi. Watoto wa Pelotas walioonyesha tofauti kubwa walinyonya mwaka mzima na kuendelea, kwa hiyo mwezi wa saba na wa nane bado unajenga.

KABLA YA KUENDELEA: HALI ZA PEKEE

Mtoto njiti hulihitaji dang'a kuliko mwingine yeyote. Kama hawezi kunyonya, anza kukamua ndani ya saa za mwanzo, mara 8 au zaidi kwa siku, apewe kwa njia watakayoona wahudumu.

Mama mwenye VVU anayetumia dawa za ARV ipasavyo anaweza kunyonyesha. Mwongozo wa WHO wa mwaka 2016 unasema angalau miezi 12 na hata kufikia 24 au zaidi. Nchi nyingine zina utaratibu tofauti, hivyo pangeni hili na kliniki kabla ya kujifungua.

Mtoto mwenye galaktosemia, ugonjwa wa nadra wa kuzaliwa nao, hatakiwi kunyonya. Dawa nyingi haziingiliani na kunyonyesha, lakini uliza kuhusu kila moja, na usiache dawa wala kunyonyesha kwa kubahatisha.

MATATIZO NA UTATUZI

Chuchu zina vidonda. Rudi hatua ya 3. Anza na titi lenye nafuu, paka matone ya maziwa yako kwenye kidonda na uache pakauke. Kama ushikaji uko sawa na maumivu hayapungui, mhudumu aangalie kama ulimi wa mtoto umefungwa chini na utando mfupi.

Jioni ananyonya mfululizo. Watoto wengi hufanya hivyo, na huzidisha wanapokua kwa kasi, mara nyingi karibu na wiki ya tatu na ya sita. Anaagiza maziwa ya kesho. Kama nepi zinatosha na uzito unapanda, anashiba. Titi kuwa laini baada ya wiki chache nako hakumaanishi limekauka.

Analala dakika mbili baada ya kuanza. Mvue nguo, mbadilishe nepi, mkune nyayo. Minya titi taratibu anapoacha kuvuta ili maziwa yamfikie.

Uzito haupandi kweli. Mhudumu amwone anavyonyonya, kisha uongeze minyonyo na ukamue baada yake. Mchunguzwe wote wawili: kipande cha kondo kilichobaki tumboni, upungufu mkubwa wa damu au tatizo la tezi huweza kuchelewesha maziwa. Ikibidi apewe nyongeza, mpe. Mtoto ashibe kwanza, na titi liendelee kusisimuliwa.

Titi lina sehemu ngumu, nyekundu, na nina homa. Endelea kunyonyesha, maziwa hayo hayamdhuru mtoto. Weka baridi, pumzika, tumia dawa ya maumivu inayoruhusiwa. Baada ya saa 24 bila nafuu, au hali ikizidi, nenda hospitali kwa sababu huenda unahitaji antibayotiki.

Saa ya kwanza ilipita, au tayari yuko kwenye chupa. Mlango haujafungwa. Mvue mtoto leo, mlaze kifuani ngozi kwa ngozi mara kadhaa kwa siku, na umpe titi akiwa ametulia au nusu usingizini badala ya wakati njaa imemzidi. Kamua au mnyonyeshe mara 8 au zaidi kwa siku huku akiendelea kulishwa kwa kikombe. Maziwa huweza kuchukua siku chache au wiki kadhaa kurudi. Punguza nyongeza kidogo kidogo, ukimpima uzito kila wiki, na usikate kwa ghafla.